Dawa za mimea za kupaka kwa miguu inayowaka moto ya mwenye kisukari: namna ya kuzichagua, kuzitengeneza na kuzipaka bila kujiunguza

Mtu mwenye kisukari anayelalamika kwamba nyayo zake zinawaka moto usiku, kwamba shuka likigusa vidole anahisi kama anachomwa sindano, na kwamba mchana anatembea kama aliyekanyaga pamba, hadeki wala hakurogwa. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu pamoja na vishipa vidogo vya damu vinavyoilisha, na inayotangulia kuumia ni ile mirefu kuliko yote, yaani inayofika kwenye vidole vya miguu. Ndiyo maana maumivu huanza kwenye vidole vya miguu yote miwili, yakapanda taratibu kama mtu anayevaa soksi, na yakishakaribia magoti ndipo ncha za vidole vya mikono nazo huanza kufa ganzi. Karibu nusu ya watu wenye kisukari hupatwa na madhara haya wakati fulani maishani. Si wote wanaopata maumivu. Wengine hupata ganzi tupu, na hao ndio ninaowahofia zaidi.

Hapa Kigoma, mtu akiumwa miguu ushauri wa kwanza anaopewa ni kuchuliwa. Mawese yapo karibu kila nyumba, pilipili kichaa ziko nyuma ya jiko, karafuu zinauzwa sokoni kwa kijiko, na kila jirani ana mchanganyiko wake. Siupuuzi ushauri huo, kwa kuwa baadhi ya mimea hiyo hutuliza kweli maumivu ya mishipa ya fahamu, na mmojawapo umepimwa kwa uangalifu hospitalini kuliko wengi wanavyodhani. Hata hivyo inafaa ifahamike tangu mwanzo kwamba dawa ya kupaka haiponyi mshipa ulioharibika. Inachoweza kufanya ni kupunguza maumivu kwa saa kadhaa, kumpatia mtu usingizi, na kulainisha ngozi iliyokauka. Tena inapakwa kwenye mguu ambao mara nyingi umepoteza uwezo wa kusema kwamba unaungua.

Hilo la mwisho nililijua kwa kukosea. Mama yangu mdogo anakaa Ujiji na ana kisukari kwa miaka mingi. Usiku mmoja wa masika nilipokwenda kumjulia hali, baada ya shikamoo na marahaba, aliniambia, “Mwanangu, miguu yangu leo imeinjikwa jikoni.” Nikatwanga pilipili kichaa mbichi kiganja kizima, nikazichanganya na mawese ya uvuguvugu, nikampaka kuanzia vidoleni hadi kwenye vifundo na kumvisha soksi. Nikamuuliza, “Mama, inawasha?” Akanijibu, “Mbona sisikii kitu? Ongeza.” Nikaongeza. Viganja vyangu mimi viliwaka usiku kucha, nikavitia kwenye maji, nikavipaka unga wa muhogo, wala havikupoa hadi asubuhi. Yeye alilala. Kulipopambazuka tukaona doa la majimaji kwenye shuka, na chini ya kidole gumba cha mguu wake wa kulia palikuwa na lengelenge lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, limekwisha kupasuka. Kidonda kile kilichukua wiki saba kufunga, huku tukienda kusafishiwa kituo cha afya kila baada ya siku mbili. Mikono yangu ilikuwa imenipa jibu sahihi tangu mwanzo, lakini mimi nilisikiliza mguu.

Pima hisia kabla ya kupaka chochote

Upo uchunguzi mwepesi uliotoka Ipswich, Uingereza, ambao hauhitaji kifaa chochote, na mtu yeyote wa nyumbani anaweza kuufanya. Mgonjwa alale chali, miguu ikiwa mitupu, afumbe macho. Mwambie kwamba kila atakapohisi ameguswa aseme “kulia” au “kushoto”. Kisha gusa ncha ya kidole chake cha mguu kwa ncha ya kidole chako cha shahada, kwa wepesi wa unyoya, kwa sekunde 1 au 2 tu, bila kubonyeza wala kupapasa. Anza na kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kidole cha mwisho cha mguu huohuo. Uhamie kidole gumba cha mguu wa kushoto na cha mwisho chake. Umalizie na kidole cha kati cha kulia na cha kati cha kushoto. Hivyo ni vidole 6. Asipohisi kimoja, usirudie kukigusa, kwa sababu ukirudia unamfundisha kubahatisha. Akikosa viwili au zaidi, hesabu kwamba hisia za miguu zimepungua.

Kanuni ninayoifuata tangu mkasa wa Ujiji ni kwamba aliyekosa viwili hapakwi pilipili, wala tangawizi, wala dawa yoyote ya kuchua inayochoma, hata kama anaomba kwa machozi. Anabaki na mafuta mapole pamoja na ile malhamu ya karafuu nitakayoeleza, naye apelekwe akapimwe miguu na mhudumu wa afya, ambaye atatumia uzi wa nailoni unaobonyeza kwa uzito wa gramu 10.

Inafaa pia kuwa na hakika kwamba maumivu yenyewe ni ya kisukari. Anayetumia metfomini, dawa ya kisukari ya kumeza, kwa miaka anaweza kupungukiwa vitamini B12, na upungufu huo huleta ganzi na mchomo unaofanana kabisa na huu, nao unatibika. Pombe, VVU na dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi pia huumiza mishipa ya fahamu. Ukoma bado upo nchini mwetu, na baka la ngozi lisilosikia mguso wala joto halipakwi dawa, linapelekwa hospitali. Maumivu ya mguu mmoja tu, au yaliyoanza ghafla, au yanayoambatana na mguu kulegea, huenda yana chanzo kingine. Aidha, wapo ambao maumivu yao huzidi pale sukari iliposhushwa haraka sana baada ya kukaa juu muda mrefu. Hao wasiache dawa kwa kudhani kwamba insulini ndiyo adui, bali warudi kwa daktari wao.

Mimea yenyewe

Pilipili ndiyo yenye ushahidi kuliko yote, na ndiyo yenye hatari kuliko yote. Kinachochoma ndani yake huitwa kapsaisini. Mwaka 1997 mtafiti David Julius wa Marekani na wenzake waligundua mlango ulio kwenye mishipa ya fahamu ambao kapsaisini huufungua, mlango uleule unaofunguliwa na joto kali, na mwaka 2021 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Mlango huo ukifunguliwa mara kwa mara, ncha za mishipa ya maumivu huchoka na kuacha kupeleka habari. Kwa maneno mengine, pilipili haipoozi moto. Inaupigia kelele mshipa mpaka mshipa unanyamaza. Kwa sababu hiyo mtu huongezewa mchomo siku za kwanza kabla ya kupata nafuu, na anayepaka leo akaruka kesho na keshokutwa hupata mchomo kila mara bila kufikia nafuu.

Krimu za dukani zenye kapsaisini huwa na nguvu ya asilimia 0.025 au 0.075. Hebu tazama udogo wa kiasi hicho: asilimia 0.075 ni miligramu 75 ndani ya gramu 100 za krimu. Upo pia ubandiko wa asilimia 8, ulioidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa maumivu ya miguu ya kisukari, lakini huo hubandikwa na mtaalamu kwa dakika 30 akiwa amevaa glavu, wala si kitu cha kufanyia nyumbani. Mtu akinielewa hapo ataelewa pia kwa nini siandiki namna ya kutengeneza dawa ya pilipili jikoni. Pilipili kichaa za shamba moja hazilingani ukali na za shamba la jirani, za kiangazi hazilingani na za masika, na hakuna kijiko kinachoweza kukuambia kwamba umefika 0.075 au umepita mara kumi. Ukiitaka pilipili, uliza krimu yake kwenye duka la dawa, usome kopo, na uhakikishe kwanza kwamba mgonjwa amehisi vidole vyote 6.

Krimu hiyo hupakwa kidogo sana mara 3 au 4 kwa siku, kila siku, kwa saa zilezile. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na mtu asitoe hukumu ya mwisho kabla ya wiki 8. Kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki vizuri kwenye maji; kwa hiyo aliyepaka ajipake kwanza mafuta ya kupikia viganjani, ayafute kwa karatasi au kitambaa, ndipo anawe kwa sabuni. Asiguse macho, asimbebe mtoto mchanga kabla ya hapo. Miguu iliyopakwa isiwekwe kwenye maji ya moto wala juani, kwa kuwa joto huuamsha mchomo upya.

Karafuu ni mpole zaidi. Mafuta yake yana eujenoli, kitu kilekile ambacho waganga wa meno wamekitumia kwa vizazi kutia jino ganzi, na kila aliyewahi kubana karafuu kwenye jino bovu anaifahamu kazi yake. Kwa miguu ya kisukari haina ushahidi wa kulingana na pilipili, lakini ikitengenezwa kwa nguvu ndogo haina madhara makubwa, na wengi huona inawapunguzia mchomo mpaka usingizi unawajia. Tatizo lake ni vile vichupa vidogo vya mafuta halisi ya karafuu. Yakipakwa hivyohivyo, mafuta hayo huunguza ngozi. Aliye nacho asizidishe tone 1 kwa kila vijiko 2 vya chai vya mafuta ya kawaida.

Mnanaa hutoa mentholi, ambayo hugusa mlango mwingine wa mshipa wa fahamu, ule unaohisi baridi. Makopo mengi ya dawa ya kuchua yana mentholi pamoja na methili salisileti, yaani ndugu ya aspirini. Ubaridi huo husaidia kwa muda mfupi, ila anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye mzio wa aspirini, aepuke makopo hayo.

Mshubiri hupooza ngozi na kuipa unyevu, basi. Sijaona ukituliza mishipa ya fahamu. Anayeutumia apasue jani, auache utomvu wa njano uchuruzike wote, kwa maana ndio unaowasha, kisha atumie ute mweupe wa katikati peke yake. Mkaratusi una harufu nzuri, na kazi yake haizidi hapo sana. Tangawizi nayo inachoma, ni kama mdogo wa pilipili, kwa hiyo inafuata masharti ya pilipili.

Ipo habari ya kungumanga inayostahili kukumbukwa. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Trinidad na Tobago, ambako wagonjwa wenye maumivu ya mishipa ya fahamu ya kisukari waligawanywa makundi mawili: kundi moja likapakwa dawa yenye mafuta ya kungumanga, lingine dawa isiyo nayo, na zote mbili zilikuwa na mentholi na salisileti. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hapakuonekana tofauti kati yao. Kwa hiyo jirani anapokuapia kwamba kungumanga imemponya, hasemi uongo kuhusu nafuu. Huenda anakosea tu kuhusu aliyeileta. Pengine ni mentholi, pengine ni kule kuchuliwa na mtu anayekupenda, pengine maumivu yalikuwa na mawimbi yake na siku hiyo yalikuwa yakishuka.

Mafuta ya kuchanganyia ni zaidi ya chombo

Mishipa ya fahamu inayoharibiwa na kisukari si ile ya hisia peke yake. Ile inayoamuru jasho nayo hufa, ngozi ya miguu ikakauka kama gome la mti, visigino vikapasuka, na wadudu wakapata mlango. Kwa hiyo hata kama mmea uliochagua haufanyi lolote, mafuta yenyewe yanafanya kazi ya kweli, na mimi huyahesabu kuwa nusu ya dawa.

Kwetu Kigoma mawese ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Ni mazuri kwa ngozi, isipokuwa rangi yake hupaka shuka na soksi, na kwenye ngozi iliyopakwa wekundu wake huwezi kuona wekundu wa kidonda kinachoanza. Sababu hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya niyaache. Mafuta ya mise, yale ya kokwa ya chikichi ambayo wengi wanayajua kwa kutengenezea sabuni, hayapaki rangi kama mawese, nayo yanafaa endapo ni masafi na hayajachacha. Mafuta ya alizeti yanafaa pia, na ngozi nyingi huyapokea bila kuwashwa. Vaselini ya kawaida haina kosa lolote.

Tabora nao wana hazina yao, yaani nta. Wafugaji nyuki wa Sikonge na Urambo hupata nta wanapokamua asali, na donge moja la nta hugeuza mafuta yanayomwagika kuwa malhamu inayokaa mahali ulipoipaka. Nta huyeyuka kwenye joto la nyuzi zipatazo 62 hadi 64, kwa hiyo kopo halitageuka maji hata kama chumba ni cha bati na jua ni la Oktoba. Ukipata nta ghafi yenye mabaki ya masega, ichemshe ndani ya maji, ichuje ikiwa moto kwa kitambaa cha zamani, uiache igande juu ya maji, kisha ukwangue uchafu ulioganda upande wa chini. Asali yenyewe ile kwa nafasi yake. Kuipaka kwenye nyayo na kuvaa soksi hakutulizi mshipa wa fahamu, na hualika sisimizi.

Kutengeneza malhamu ya karafuu

Chukua kikombe kimoja cha mafuta, kama mililita 250, na vijiko viwili vya chai vya karafuu kavu zilizotwangwa kiasi, ambazo uzito wake ni takriban gramu 4. Karafuu kavu zina mafuta yake kwa kadiri ya asilimia 15 hadi 20 ya uzito, na sehemu kubwa ya hayo ni eujenoli. Hivyo hata yote yangehamia kwenye kikombe chako hayazidi gramu 0.8, yaani chini ya nusu ya asilimia moja, kiwango ambacho ngozi nyingi hukivumilia. Ukijaza karafuu nusu kikombe kwa kudhani kwamba wingi ni nguvu, umeuvuka mpaka huo mbali sana.

Vyombo vyote viwe vikavu kabisa, kwa maana tone la maji likiingia kwenye mafuta hualika ukungu. Weka mafuta na karafuu kwenye bakuli la bati, uliweke bakuli juu ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, na uache kwa saa moja. Mafuta yasitoe moshi wala karafuu zisikaange. Ukisikia zinachachatika, moto umezidi. Epua, funika, liache bakuli mpaka asubuhi. Chuja mara mbili kwa kipande cha kanga safi, ukikamua mara ya kwanza tu. Mara ya pili acha yadondoke yenyewe, la sivyo vumbi la karafuu litapita na kukwaruza ngozi.

Ukitaka iwe malhamu, rudisha mafuta yaliyochujwa juu ya maji ya moto, utie nta iliyokwaruzwa kwa kipimo cha sehemu 1 ya nta kwa sehemu 4 za mafuta kwa uzito, mfano gramu 50 kwa gramu 200. Koroga hadi nta ipotee. Dondosha kidogo kwenye kijiko cha baridi, ungoje dakika moja: ikiwa ngumu kama mshumaa, ongeza mafuta; ikitiririka, ongeza nta. Mimina kwenye makopo madogo yenye mfuniko badala ya moja kubwa, ili vidole visiingie kwenye akiba nzima. Andika tarehe. Malhamu ikinuka uchachu au ikibadilika rangi, itupe bila huruma.

Kupaka

Siku ya kwanza ipake sehemu ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko, mahali penye hisia kamili, ukubwa wa kidole gumba, na usubiri saa 24. Pakiwa pekundu, pakiwasha au pakitoa vipele, dawa hiyo haimfai mtu huyo. Usijaribie kwenye mguu wenyewe, kwa sababu mguu ndiyo shahidi asiyeaminika katika kesi hii.

Jioni, osha miguu kwa maji ya vuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko cha mtu mwingine, au kwa kiwiko cha mgonjwa mwenyewe kama mikono yake bado ina hisia. Kausha vizuri, hasa katikati ya vidole. Kisha washa taa na utazame: nyayo, visigino, kati ya vidole, kando ya kucha. Asiyeweza kuinama atumie kioo kilichowekwa sakafuni. Ukiona mchubuko, lengelenge, ufa unaotoka damu au ngozi iliyooza kati ya vidole, malhamu haipakwi hapo.

Chota kiasi cha harage moja kwa kila mguu, usugue viganjani mpaka ilainike, uanze kwenye vidole ukielekea kifundo, kwa mikono yote miwili, kwa nguvu ya kukanda unga wa chapati na si ya kutwanga kisamvu, dakika 5 kila mguu. Usipake katikati ya vidole, kwa kuwa unyevu wa hapo huleta fangasi. Fanya hivyo mgonjwa akiwa amekwisha kupanda kitandani na kumaliza haja zake zote, kwa sababu nyayo zenye mafuta juu ya sakafu ya saruji zimewaangusha wazee wengi. Baada ya dakika chache mvishe soksi safi za pamba zisizobana.

Njia nzuri ya kujua kama dawa inasaidia ni kuipa mguu mmoja. Maumivu haya hushika miguu yote miwili kwa kadiri inayokaribiana, kwa hiyo paka dawa ya karafuu mguu wa kushoto na mafuta matupu mguu wa kulia kwa wiki mbili, na kila asubuhi uandike kwenye daftari maumivu ya usiku ya kila mguu kuanzia 0 hadi 10. Ikiwezekana mgonjwa asijue upi una nini, ingawa harufu ya karafuu itawasaliti. Mama mdogo alifanya hivyo. Kushoto alishuka kutoka 8 hadi 5, kulia kutoka 8 hadi 6. Tofauti ndogo, lakini aliitaka, na hadi leo anapaka karafuu miguu yote.

Visivyopakwa

Maji ya moto yenye chumvi, hata chumvi ya Uvinza inayosifiwa, huikausha ngozi na yameunguza nyayo zisizohisi. Kadhalika mchanga wa moto, jivu, chupa ya maji ya moto na jiko la mkaa lililowekwa karibu na miguu. Mafuta ya taa, dawa ya meno, tumbaku iliyolowekwa na kinyesi cha ng'ombe havina nafasi kwenye mguu wa mwenye kisukari. Kuchanja chale ni kufungua mlango wa usaha kwa makusudi, na mganga anayeshikilia kwamba dawa lazima iingie kwa wembe aambiwe kwa heshima kwamba miguu hii haichanjwi.

Nina neno na makopo yasiyo na maandishi yanayouzwa mnadani kwa jina la dawa ya miti shamba. Baadhi ya dawa za namna hiyo huchanganywa kwa siri na steroidi, dawa kali ya kuzuia uvimbe, ambayo hutuliza haraka, lakini ikipakwa kwa muda mrefu hukondesha ngozi na inaweza kupandisha sukari. Uliza mganga kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2002, na kopo liwe na orodha ya vilivyomo. Akikupa na ya kunywa, kumbuka kwamba mimea mingine hushusha sukari, na ikikutana na vidonge au insulini mtu anaweza kuzimia.

Wakati wa kuliacha kopo

Usiku ambao maumivu yanabaki juu ya 5 baada ya mwezi mzima wa kupaka, omba daktari akuandikie dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu, kama amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku, gabapentini, pregabalini au duloksetini. Hizo ni tofauti na diklofenaki na parasetamo, ambazo kwa maumivu haya hazisaidii sana, na diklofenaki huumiza figo ambazo kisukari kimeshaanza kuzichokoza.

Lengelenge, kidonda cha ukubwa wowote, kidole kinachobadilika rangi kuwa cheusi, harufu mbaya, au homa vinataka hospitali siku hiyohiyo. Mguu uliovimba, wenye wekundu na joto kuliko mwenzake, hata kama hauumi, nao ni wa siku hiyohiyo na usikanyagiwe, kwa maana mifupa yake inaweza kuwa inavunjika polepole pasipo mwenyewe kuhisi. Huo usichuliwe kamwe. Aliyeko Kigoma mjini anaweza kufika Maweni, aliyeko Tabora mjini Kitete, ambazo ni hospitali za rufaa za mikoa, na aliye mbali aanzie kituo cha afya kilicho karibu. Beba daftari la maumivu, kadi ya kliniki ya kisukari, vidonge vyote anavyotumia, na lile kopo la malhamu, hata kama unaona haya kulitoa mbele ya daktari.